Nondo wa Manchester

Katika misitu ya Uingereza yuko nondo ambaye wataalamu humwita Biston betularia. Akikunjua mabawa, upana wake ni kama sentimita 5 tu. Mabawa hayo ni meupe, yenye vitone vyeusi kana kwamba yamenyunyizwa pilipili manga. Usiku huruka, mchana hutulia juu ya mti pasipo kutikisika. Hapo zamani magome ya miti yalifunikwa na vimea vidogo vya rangi ya kijivu, na ndege walao wadudu walimpita nondo huyo wasimwone.

Mwaka 1848, katika mji wa Manchester, alionekana nondo wa jinsi ile ile, lakini mweusi. Wakati huo viwanda vilichoma makaa ya mawe kwa wingi. Moshi uliviua vile vimea, na masizi yakayafanya magome kuwa meusi. Kufikia mwaka 1895, katika kila nondo 100 wa Manchester, 98 hivi walikuwa weusi.

Je, masizi ndiyo yaliyowapaka rangi? La. Nondo mwenye mabawa meupe hufa nayo meupe. Weusi ule ni urithi autoao mzazi kwa mtoto. Mwaka 1896 J. W. Tutt alieleza jambo lenyewe: juu ya gome jeusi, mweupe alionekana upesi, akaliwa na ndege, mweusi akasalia, akazaa weusi wenziwe.

Lakini maelezo mazuri si ushahidi. Mwaka 1953 Bernard Kettlewell aliwatia nondo alama, akawaachilia katika msitu karibu na Birmingham, kisha akawanasa tena. Kwa kadiri ya walioachiliwa, weusi waliopatikana walikuwa kama mara mbili ya weupe. Mwaka 1955 alifanya vivyo hivyo huko Dorset, pasipo na masizi, na mambo yakawa kinyume.

Mwaka 1956 Uingereza ilitunga sheria ya kupunguza moshi. Polepole miti ikatakata, na nondo weusi wakapungua hata wakawa wachache sana.

Hata hivyo, baadhi ya watu waliishuku kazi ya Kettlewell, wakisema kwamba aliwaweka nondo mahali wasipokaa kwa desturi yao. Michael Majerus hakutosheka na kubishana. Kwa miaka 6, karibu na Cambridge, aliachilia nondo 4,864, akachunguza walivyoliwa. Alifariki mwaka 2009 kabla hajachapisha matokeo. Wenzake wakayatoa mwaka 2012. Katika miti ile iliyotakata, kwa kadiri ya walioachiliwa, ndege walikuwa wamewala weusi zaidi kuliko weupe.

Wenye viwanda hawakumkusudia nondo, wala waliotunga sheria ya moshi hawakumfikiria. Walakini matendo yao yote mawili yaliandikwa katika mabawa yake. Basi, tutendapo jambo juu ya nchi, tusidhani kwamba linatuhusu sisi peke yetu.