Mfupa wa Ishango: hesabu ya wavuvi wa kale iko Bruxelles

KIWANJA – Akina mama wanaouza sokoni samaki wa Vitshumbi na Nyakakoma wanajua kwamba Ziwa Edouard linalisha watu tangu zamani. Zamani hiyo ni ya mbali kuliko wengi wanavyofikiri.

Ng'ambo ya ziwa, pale mto Semliki unapotokea, kuna mahali panapoitwa Ishango, ndani ya mbuga ya Virunga. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, alichimba pale. Alikuta mifupa ya watu na ya samaki, mawe ya kusagia na vyusa vya mfupa vyenye meno. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na kipande cha mfupa cha sentimita 10 hivi, kimechomekwa kijiwe kwenye ncha na kuchanjwa alama nyingi pembeni. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba kina miaka 20,000 hivi.

Alama zimepangwa katika mistari mitatu. Mmoja una 11, 13, 17 na 19, jumla 60. Mwingine una 11, 21, 19 na 9, jumla 60 tena. Wa tatu una 48. De Heinzelin aliona hapo mchezo wa hesabu. Mmarekani Alexander Marshack alisema mwenye mfupa alikuwa anahesabu siku za mwezi. Wengine wanadai alama zilichanjwa ili mkono usiteleze. Ubishi haujaisha. Mama wa soko anayechora madeni kwa mkaa ukutani angekuwa na jibu lake pia, na pengine lisingekuwa baya kuliko ya wataalamu.

Mfupa wenyewe uko Bruxelles, katika jumba la makumbusho la sayansi. Mtoto wa kule anauona kwa kulipa tiketi. Mtoto wa Kiwanja, aliyekimbilia Kanyaruchinya na wazazi wake mwaka 2022, anaweza kumaliza shule bila hata kusikia jina la Ishango.

Na si huo tu. Huko Katanda, kilomita chache ukishuka Semliki, Alison Brooks na John Yellen walipata vyusa vya mfupa ambavyo mwaka 1995 walitangaza kwamba vina miaka 90,000 hivi. Wataalamu wengine walikataa umri huo, kwa sababu Ulaya vyusa vya namna hiyo ni vya nyuma sana. Waliovitengeneza walikuwa wanavua kambale wakubwa, kazi inayoendelea ziwani mpaka leo.

De Heinzelin aliandika kwamba makazi ya Ishango yalifunikwa na majivu ya volkano. Aliyekimbia Nyiragongo mwaka 2002 au 2021 hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini katika udongo wa juu zaidi palepale Ishango kuna tena mabaki ya watu walioishi hapo baadaye, pamoja na vipande vya vyungu vyao.