Plagi Tatu na Kikombe cha Chai

Wiki jana kaka yangu aliniuliza kama anunue Nissan Leaf ya kwanza kwanza, mtumba kutoka Japani, aende nayo Mombasa kila Desemba. "Si wewe ndiye mtu wa kompyuta?" akasema. Nilipoketi kumjibu nikaona jibu limo katika historia, tena historia ya kitu ambacho sisi waandishi wa programu tunakijua vizuri: itifaki.

Tuanzie California. Mwaka 1996 General Motors walitoa gari la EV1. Lilichajiwa kwa kifaa bapa kilichochomekwa mbele ya gari, umeme ukivuka kwa nguvu za sumaku bila vyuma kugusana. Wengine walitumia plagi ya vyuma kugusana. Mwaka 2001 jimbo hilo likachagua plagi ya vyuma, na mfumo wa EV1 ukabaki yatima.

Mwaka 2010, huko Japani, kampuni ya umeme TEPCO pamoja na Nissan, Mitsubishi na wengine wakaunda CHAdeMO. Chaja ya kilowati 50 iliweza kujaza betri ya Leaf hadi asilimia 80 kwa takriban nusu saa. Gari ndilo linaloamuru: kila mara huiambia chaja, "nipe kiasi hiki," nayo chaja hutii. Kwa nini asilimia 80? Ni kama kumimina maji kwenye gilasi: ukikaribia ukingo unapunguza mkono, la sivyo utaharibu. Na jina lenyewe ni mchezo wa maneno ya Kijapani ya kukaribisha mtu chai. Yaani, kunywa chai gari likichaji. Sisi tunaosimama Mtito Andei tunaelewa kabisa!

Lakini mwaka 2011 kampuni za Ujerumani na Marekani zikatangaza plagi yao, CCS. Septemba 2012 Tesla nao wakafungua vituo sita vya Supercharger huko California, kwenye barabara kuu za kutoka mji hadi mji, kwa plagi yao wenyewe. Plagi tatu, na hakuna inayoingia kwa mwenzake.

Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ukaichagua CCS. Novemba 2022 Tesla wakaifungua plagi yao ili wengine waitumie, na mwaka 2023 Ford, kisha GM, wakasema wataifuata. CHAdeMO ilitangulia, tena ilifanya kazi vizuri, lakini ikaachwa nyuma Ulaya na Marekani. Kumbe itifaki haishindi kwa kuwahi. Hushinda kwa kukubaliwa na wengi.

Sasa turudi kwa kaka. Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480. Leaf ya kwanza, betri ikiwa mpya, ilipimwa Marekani ikapewa kilomita 117 kwa chaji moja. Betri iliyochoka haifiki hapo. Angechaji njiani si chini ya mara nne, na kila mara kwenye chaja yenye plagi ya CHAdeMO.

Nikamwambia: kwa kwenda kazini na sokoni, nunua. Kwa Mombasa, hesabu kwanza chaja za plagi yako njiani, ndipo uhesabu pesa. Hakufurahi. Bado hajaniambia ameamua nini.

Kwa leo tukomee hapo.