Unda Besi Yako Mwenyewe Nairobi: Siri Yote Iko kwa Shingo

Umewahi simama nje ya duka ya vyombo vya muziki tao, ukacheki bei ya besi, ukajifanya unangoja mtu, ukasonga? Hauko solo. Lakini kuna njia ingine: unda yako. Huko Kinshasa, Misoko Nzalayala, anayejulikana kama Socklo, amejijengea jina kwa kuunda magitaa kwa mkono. Hapa Nairobi mbao iko, mafundi wako, waya ziko.

Kabla utoe doo, shika hii moja: mwili ukiwa na kasoro, besi bado inaeza lia poa. Shingo ikikosewa milimita mbili, hiyo ni pambo ya ukuta.

Hii kitu ilitoka wapi

Leo Fender wa Marekani alitoa Precision Bass mwaka wa 1951. Hilo jina lina maana ya "usahihi", kwa sababu ya freti, vile vyuma vyembamba vya kukata shingo. Zile besi kubwa za kusimama hazina, so mpigaji lazima atafute noti kwa sikio. Benga zilizorekodiwa River Road miaka ya 1970 zimebebwa sana na besi ya stima.

Mwili

Panda mat ya Ngong Road, shuka upande wa Dagoretti Corner kwa mafundi wa fanicha. Itisha mvule ama mahogani, unene wa milimita 45 hivi. Beba mchoro wa saizi kamili kwa kartasi, si picha kwa simu. Fundi anayechonga kitanda atakukatia shepu bila stress.

Shingo

Hapa usiharakishe. Nyuzi nne za besi zikikazwa zinavuta karibu kilo 80. Ni kama mtu mzima ananing'inia kwa hiyo shingo mchana na usiku. Kwa hivyo:

1. Mbao ikauke. Mbao mbichi itajipinda ukishamaliza kulipa. Ipime kwa mizani ya buchari kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, iko tayari.
2. Cheki mistari ya mbao. Iwe imenyooka toka mwanzo hadi mwisho, bila fundo.
3. Weka chuma ya kurekebisha. Inakaa kwa mfereji ndani ya shingo na inapigana na mvuto wa nyuzi. Nunua iliyotengenezewa besi. Nondo ya mjengo haifanyi hiyo kazi, juu haikazwi wala kulegezwa.

Hesabu ya freti

Usikadirie kwa macho. Urefu wa kawaida wa uzi, kutoka pale unapoanzia juu ya shingo hadi kwa briji, ni inchi 34, yaani milimita 863.6. Gawanya na 17.817, unapata 48.5: hapo ndio freti ya kwanza. Toa hiyo, chukua urefu uliobaki, gawanya tena na 17.817, upate umbali wa kuenda freti ya pili. Endelea hivyo hadi freti ya 20. Ukitaka kujua kama uko sawa, freti ya 12 lazima iangukie nusu kamili, milimita 431.8. Ikikataa, rudia hesabu kabla msumeno uguse mbao.

Na huo msumeno ukate mfereji mwembamba, kama milimita 0.6. Ule wa kupasua mbao za kitanda utaacha freti zikicheza.

Stima

Rudi tao, Luthuli Avenue, utafute vinobu viwili vya kiloomu 250, kapasita ya maikrofaradi 0.047, waya na jeki. Pikapu (si ile ya kubeba viazi) ni sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, umeme mdogo unazaliwa na kuenda kwa ampu. Ndio maana uzi wa nailoni hautalia hapo. Usisahau kuunganisha waya wa ardhi kwa briji, ama kelele itakumaliza.

Kuseti

Kaza nyuzi E, A, D, G. Shingo ikijikunja, zungusha ile chuma robo mzunguko, ngoja hadi kesho, cheki tena. Kisha gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 bila kufinya, alafu ufinye hapo hapo. Noti mbili zifanane. Ile ya kufinya ikiwa juu, sukuma kigingi cha briji nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete mbele.

Kama doo ni kidogo

Nunua shingo iliyokwisha kutengenezwa, hata ya besi kuukuu, alafu uchongewe mwili mpya. Pima kwanza kama haijapinda: funga macho moja, angalia kutoka juu kama unaangalia bomba. Besi ya kwanza ya wasee wengi huanza hivyo, na kwa stage hakuna atakayejua.