Ukoma na kipimo cha pamba

Katika magonjwa yote ya ngozi, ukoma ndio uliovunja jamaa nyingi. Zamani doa likionekana kwa mutu, jirani ndio walikuwa wanakata maneno, na mutu anatengwa. Wakati wa Wabelgiji kambi za wakoma zilijengwa sehemu nyingi. Ya Iyonda, karibu na Coquilhatville (leo Mbandaka), ilijulikana hata Ulaya, juu mwandishi Graham Greene alifika kule mwaka 1959.

Lakini si kila doa ni ukoma. Choa ina magamba na inawasha. Upele unawasha zaidi usiku, na mara nyingi nyumba nzima inajikuna. Doa la ukoma, lenyewe, kwa kawaida haliwashi wala haliumi. Ndiyo maana mutu analidharau, na jirani anaogopa doa lingine la bure.

Hansen wa Norwe aliona kijidudu cha ukoma mwaka 1873, kwa darubini. Kijijini darubini iko wapi? Hapo waganga wanatumia pamba. Muuguzi anasokota nyuzi kidogo, anamuonyesha mugonjwa namna itakavyokuwa, kisha anamwambia afunge macho. Anagusa ngozi nzima, halafu doa. Kila akisikia, mugonjwa anaonyesha pale kwa kidole. Akishindwa kuonyesha doa, ile ngozi imekufa ganzi, na hiyo ni alama kubwa ya ukoma. Muuguzi anapapasa pia mushipa wa fahamu kwenye kiko cha mukono, kuona kama umenenepa.

Pamba peke yake haitoshi. Kuna wakoma wenye madoa mengi ambayo bado yanasikia. Hao wanachukuliwa majimaji ya ngozi, kwa mufano kwenye sikio, yapimwe maabara.

Kujua mapema kunafaa, kwani dawa iko. OMS ilishauri dawa za kuchanganya mwaka 1981, na tangu 1995 zinatolewa bure. Mwaka 2007 Kongo yetu ilishuka chini ya mugonjwa 1 kwa watu 10.000, ila wagonjwa wapya hawajaisha.

Basi tusirithi desturi ya kutenga. Zamani kidole cha jirani ndicho kilichoonyesha mukoma. Kwa kipimo cha pamba, kidole kinachosema ni cha mugonjwa mwenyewe. Ukiona doa kwa ndugu yako, umusindikize kwa kituo cha afya, usimukimbie.