Mbwa na Daftari la Nasaba

Mwaka 1859 mbwa walishindanishwa mjini Newcastle, Uingereza. Na mwaka 1873 kikaundwa London chama cha kuziandika nasaba zao, Kennel Club. Walowezi wa Kiingereza waliileta desturi hiyo Nairobi. Baadaye maonyesho ya East Africa Kennel Club yakafanywa katika Uwanja wa Jamhuri, magharibi ya mji, kando ya barabara ya Ngong.

Mbwa asiye na nasaba iliyoandikwa walowezi walimwita "shenzi", kana kwamba hakuzaliwa na wazazi. Lakini tazama mbwa wa Kongo asiyebweka. Jina lake, Basenji, ni ndugu wa neno hilo hilo. Mwaka 1937 alionyeshwa London katika maonyesho ya Crufts, na watu wakasongamana kumtazama. Leo ana nasaba iliyoandikwa kama mbwa wa mabwana. Damu yake ni ile ile ya msituni; kilichoongezwa ni daftari.

Basi kijana atakaye kuanza na atafute kwanza hati ya mbwa wake. Kisha amzoeze kutembea kwa kamba bila kuvuta, kusimama kimya, na kukubali mgeni amtazame meno. Mwamuzi humpima kila mbwa kwa sifa zilizoandikwa za aina yake. Hati hueleza mbwa alikotoka. Haielezi kama hulinda nyumba vyema kuliko yule wa jirani asiyeandikwa popote.