Mantiki, Mizani ya Fikira

Neno mantiki tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni kunena. Aliyetangulia kuiandikia elimu hiyo kanuni ni Myunani Aristotle (384–322 kabla ya Kristo). Vitabu vyake vilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika karne za 9 na 10. Kisha Ibn Sina (980–1037) akayagawa maarifa mafungu mawili: tasawwur, yaani kupata sura ya jambo akilini; na tasdiq, yaani kulihukumu kuwa kweli au uongo. Juu yake husimama qiyas, yaani kuunganisha hukumu mbili zizae ya tatu.

Waswahili tunayo maneno ya ukoo huo huo: sura, kusadiki, kiasi. Lakini kuwa na maneno si kuwa na mizani. Mtu akitimua mbio sokoni, husikika ukelele: wezi hukimbia, huyu amekimbia, basi ni mwizi! Kumbe hukimbia pia mwenye hofu, na mwenye kumwahi mgonjwa. Hukumu mbili za kwanza ni kweli, bali ya tatu haikuzaliwa nazo. Aristotle alilionya kosa hilo hilo, akitoa mfano wa mtu adhaniwaye mzinzi kwa kuwa ameonekana akizurura usiku.

Miaka ipatayo 2,300 imepita, na bado damu ya asiye na hatia humwagika kwa hoja isiyopimwa. Basi tuwafunze watoto wetu kupima kabla ya kuhukumu.