Ukarabati wa Vyuma vya Sitaha katika Boti Kuukuu za Faiba

Wamiliki na manahodha wa boti za faiba zilizotumika miaka mingi wanashauriwa kuvikagua vyuma vya kufungia kamba na reli za sitaha. Chini ya utando wa faiba mara nyingi kuna plaiwudi. Maji yakipenya kandokando ya bolti, ubao huo huoza kimyakimya, na chuma hung'oka siku ya mawimbi, abiria akiwa amekishika.

Kwanza sitaha igongwe kwa nyundo ndogo: mlio mzito, usio na mwangwi, ni dalili ya uozo. Bolti ya chuma cha pua nayo isiaminiwe kwa kung'aa kichwa tu. Sehemu iliyofichika penye maji yasiyopata hewa huliwa na kutu. Kupaka silikoni juu ya chuma kilicholegea si ukarabati.

Chuma kikishafunguliwa, ubao uliooza uondolewe na uliobaki uachwe ukauke kabisa, hatua ambayo mafundi wengi huiharakisha. Tundu lipanuliwe, lijazwe epoksi, kisha litobolewe upya kwa kipimo cha bolti, ili maji yasiuguse ubao tena. Chini ya sitaha liwekwe bamba pana la chuma, mvuto wa kamba usielemee tundu moja.